Banda umiza la Majengo na muvi za Baltasar Kormákur

Wakuu wa Moshi, lile banda la video la kule Majengo siku hizi linaonyesha kazi za dairekta mmoja wa Iceland anaitwa Baltasar Kormákur, na kama hujafika nenda aisee. Kiingilio ni buku, na hakikupanda hata siku ya Everest watu walipojaa mpaka mlangoni.

Huyu jamaa kazaliwa 1966, kaanza kama mwigizaji kwenye jumba la taifa la maigizo kule Reykjavík, akaongoza maigizo ya jukwaani, ndo baadaye akaingia kwenye filamu, na ukiangalia kazi zake unaona kabisa huyu ni mtu wa jukwaani maana waigizaji wake hata wakikaa kimya unaelewa wanawaza nini. Muvi yake ya kwanza ni ya 2000, 101 Reykjavík, hiyo haijaonyeshwa hapa.

Everest ya 2015 ndo usiku ambao sitausahau. Nusu ya ukumbi walikuwa wagumu, yaani wapagazi, na maguide wa mlimani, watu wanaoijua kambi ya Barafu na Stella Point kule Kilimanjaro kwa miguu yao. Ni mkasa wa kweli wa Mei 1996, watu wanane walikufa kwenye dhoruba, na Kormákur alipeleka waigizaji Nepal na kwenye milima ya Italia wakapigwa na baridi kweli, kwahiyo ukiona mtu midomo imekakamaa unaamini. Sasa kuna sehemu wanafika juu wanakuta kamba hazijafungwa, foleni inasimama, na Rob Hall, kiongozi wa msafara, alishasema saa nane mchana kila mtu anageuka hata kama kilele anakiona. Saa nane inapita na wateja bado wanapanda. Mzee mmoja nyuma yangu, guide wa siku nyingi, akaanza kusema kwa sauti "geuza wageni, geuza sasa hivi baba", na hakuna aliyemwambia anyamaze kwa sababu wote tulikuwa tunasema hivyohivyo moyoni. Mlima ni mlima, hata huu wetu wa mita 5,895 unaua, na muvi nyingi za milima hazijui hilo, hii inajua.

Wiki iliyofuata wakaweka sizoni ya Trapped, wazo ni lake na baadhi ya sehemu kaongoza mwenyewe. Mji mdogo wa pwani, feri imetia nanga, maiti imeokotwa baharini bila kichwa wala miguu, theluji imefunga barabara, na polisi Andri hapati msaada kutoka nje. Hapa ndo banda lina tatizo, projekta wameiweka chini mno, mtu wa mbele akikaa wima maandishi ya tafsiri yote yanapotea, na wale wanaongea Kiaislandi karibu mwanzo mwisho. Ila mwenye banda anasimama pembeni na maiki anatupa Kiswahili palepale, polepole, haweki vichekesho vyake, anaiheshimu stori. Kwa hilo tu nampa maksi zote. Mwambieni basi ainyanyue hiyo projekta jamani, meza tu inatosha.

Beast ya 2022 nayo waliiweka, Idris Elba na simba, imepigwa Afrika Kusini. Watoto waliipenda, mimi hapana, yule simba ni wa kompyuta na sisi tunaokaa jirani na mbuga tunaona haraka. Kormákur ni mtu wa baridi na maji.

Ndo maana namuomba mwenye banda atafute Djúpið ya 2012. Ni mvuvi wa kweli ambaye boti yake ilizama 1984 karibu na visiwa vya Vestmannaeyjar kule Iceland, wenzake wote wakafa, yeye akaogelea masaa kama matano sita kwenye maji ya barafu, na anayemuigiza ni Ólafur Darri Ólafsson, huyohuyo Andri wa Trapped. Ikija nitawahi kiti cha mbele.