Kipima joto cha ghala la viazi mbegu: kizuri, isipokuwa draiva yake

Kifaa hiki nilikinunua Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa shilingi 185,000, ili kipime joto na unyevu katika ghala letu la viazi mbegu huko Uyole. Kina prosesa ndogo inayoendeshwa na FreeRTOS (mfumo endeshi wa vifaa vidogo), betri ya akiba, na kihisi cha BME280 kinachoning'inia mwishoni mwa waya wa mita moja. Kisanduku ni imara na kioo kinasomeka vizuri.

Kasoro niliigundua alfajiri moja ya Julai. Nilipofungua ghala pumzi yangu ilitoka kama moshi, lakini kioo kilionyesha nyuzi 22.4, na kumbukumbu zilikuwa na namba hiyohiyo, bila kupanda wala kushuka, tangu umeme ulipokatika na kurudi saa tatu usiku. Betri iliilinda prosesa. Kihisi, ambacho hakikuunganishwa na betri hiyo, kilizimika na kuwaka upya. BME280 ikiwaka upya hulala, haipimi chochote mpaka iamriwe, na rejista yake ya joto, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu ambamo kipimo huwekwa, hubaki na thamani ya mwanzo, 0x80000, ambayo draiva (programu inayokisoma kihisi) iliikokotoa kuwa nyuzi kana kwamba ni kipimo halali. Kipima muda cha ulinzi, ambacho kazi yake ni kuiwasha upya prosesa iliyokwama, hakikuwa na la kufanya, kwa kuwa prosesa haikukwama. Afadhali kioo kingeandika kosa.

Fundi wa duka, na hapa namsifu, hakubishana. Aliweka programu mpya ambayo draiva yake husoma rejista 0xF4, inayoshika mipangilio ya upimaji, kabla ya kila kipimo. Ikikuta sifuri, hutambua kwamba kihisi kimeanza upya, nayo hukiandikia mipangilio yote, ikitanguliza ya unyevu katika 0xF2, kwa sababu hiyo haishiki mpaka 0xF4 iandikwe baada yake. Nilichomoa waya mara kumi: kila mara kioo kilionyesha vistari badala ya namba, na nilipourudisha, kipimo cha kweli kilirejea.

Bado kumbukumbu hazionyeshi ni saa ngapi kihisi kilianza upya, jambo ambalo mwenye ghala angependa kulijua. Hata hivyo, kwa bei hiyo ningekinunua tena, ila ningeuchomoa waya wa kihisi palepale dukani, kabla ya kulipa.