Likizo ya kwanza ya skii, kundi zima na mabebi, bajeti ya kubana: uzoefu wangu

Kwa wanaouliza kama inawezekana, inawezekana kabisa, ila ukipanga kama mtu anaeenda kuskii (kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni) utalia. Panga kama mtu anaeenda kulea watoto kwenye baridi kali, halafu skii iwe nyongeza. Sisi tulikuwa familia kadhaa, karibu wote hatujawahi kuvaa buti za skii, mabebi wengine wananyonya, wengine wanatambaa, na hela ya kuchezea hakuna aliekuwa nayo.

Kitu kikubwa tulicholipia ni nyumba, na hapo natoa nyota zote 5. Tulichukua nyumba nzima ya kujipikia badala ya vyumba vya hoteli, kwa sababu bebi akishalala saa moja jioni kwenye chumba cha hoteli ndo basi, mnakaa gizani mnanong'ona mpaka usingizi uwachukue, lakini kwenye nyumba mnafunga mlango mnahamia sebuleni mnapiga stori. Jiko lipo, mashine ya kufua ipo (hii usikubali ikosekane, nguo za bebi zinalowa theluji kutwa mara tatu), na kulikuwa na sehemu ya kukaushia buti. Kabla hamjalipa diposi muulizeni mwenye nyumba vitanda vya watoto viko vingapi na ngazi zina kizuizi au hazina. Na akikwambia "dakika 5 tu mpaka kwenye lifti" (ile mitambo inayowapandisha watu mlimani) ujue hizo ni dakika za mtu mzima alie mikono mitupu, sio wewe na bebi kifuani, begi la pampasi begani, skii mkononi, chini barafu. Kigari cha mtoto chenye matairi madogo kwenye theluji hakiendi popote, kinachimba tu. Kilichotuokoa ni basi la bure la kijiji, vijiji vingi vya skii vinayo, kwahiyo uliza kituo kiko wapi kabla hujauliza bei.

Halafu msikimbilie kulala juu sana mlimani. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia kama mita 2,500, na bebi hawezi kukwambia kichwa kinauma, atalia tu na wewe utadhani ni meno. Kijijini chini ni nafuu pia. Kasoro ni theluji, haina uhakika kama ya juu, ila nyie mnaoanza mtakuwa mnajifunza kusimama, theluji ya bingwa mnaitakia nini.

Tarehe ndo palipotuokolea hela kuliko mahali pengine popote. Mabebi hawana shule! Tumieni hiyo nafasi maana haitarudi. Krismasi na likizo za shule za Februari bei zinaruka, sisi tukaenda Januari baada ya mwaka mpya kupita, watu wachache, foleni za lifti fupi. Baridi inauma kweli na jua linawahi kuzama, wasioiweza wasubiri Machi.

Pasi za lifti, yani tiketi za kupandia, naipa nyota 4. Msinunue pasi za mlima mzima za wiki nzima kwa watu wazima wote, ni kutupa hela, anaeanza anashinda kwenye uwanja wa wanafunzi na ule mkanda unaokupandisha umesimama, na sehemu nyingine mkanda huo ni bure. Sisi tulikuwa na zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana, pasi za nusu siku. Uliza pia pasi ya wazazi ya kupokezana, yani pasi moja baba na mama wanabadilishana, kuna vituo vya skii wanayo ila hawaitangazi.

Dei kea, yani sehemu ya kulelea watoto, naipa nyota 2. Wenyewe ni watu wazuri na wana upendo, mgala muue na haki yake mpe, lakini bei yao ilikula bajeti yetu na ratiba yao ya nusu siku inaisha saa sita, kwahiyo unapoanza tu kupata balansi inabidi ushuke kumchukua mtoto. Wengine wanapokea kuanzia miezi 3 au 6, wengine mpaka afike mwaka na nusu, na nafasi zinajaa mapema sana. Kama mpo wengi, zamu zenu wenyewe zinatosha.

Kukodi vifaa hakuna shida, wekeni oda mtandaoni mapema, mara nyingi inapungua. Suruali na makoti azimeni kwa watu. Jambo moja: dukani watakuuliza kilo, urefu, umri na uzoefu, semeni ukweli jamani, maana kwa hizo namba ndo wanapima kile kifungo kinachoachia buti ukianguka. Kuna dada kwenye kundi letu alitaka kujipunguzia kilo mbele ya fundi, tukamtaja wote kwa sauti.

Sasa mabebi wenyewe. Kuskii na mtoto mgongoni, hapana, hata kama unajiamini vipi, na vituo vingi vinakataza. Hata ukitembea nae tu amebebwa kumbuka wewe una joto kwa sababu unatembea, yeye hajisogezi na miguu inaning'inia, kwahiyo kila baada ya muda mfupi mguse shingo na kifua, mikono inadanganya. Mvalishe leya moja zaidi ya zako. Ndani ya gari koti nene livue, mkanda wa kiti chake hauwezi kumbana vizuri juu ya koti, mfunge kwanza halafu blanketi juu. Jua nalo msilidharau, theluji inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya miale ya UV, bebi ambae hajafika miezi 6 akae kivulini na kofia, losheni ya jua bado sio umri wake. Masikio yakiziba kwenye gondola (kile kibanda kinachopanda mlima kikining'inia kwenye waya), mnyonyeshe.

Bima someni vizuri, nyingi za kawaida za safari hazihesabu skii, na kushushwa mlimani ukiwa umevunjika sio bei ya mchezo.

Hela za kundi zishike mtu mmoja, kila familia ilipe kabla ya safari na mgawanyo wa vyumba uandikwe kwenye grupu la wasap mapema, sisi ubishi pekee ulikuwa nani alale karibu na bebi anaelia.

Tutarudi tena, nyumba ile ile, dei kea tunaiacha. Ila twendeni kabla mabebi hawajafika miaka 3 au 4, huo ndo umri shule nyingi za skii zinaanza kuwapokea, na hapo kila mtoto anaingia kwenye hesabu na buti zake, helmeti yake na mwalimu wake.