Uzoefu wangu: miezi 6 na mtaalamu wa lishe baada ya oparesheni ya kupunguza tumbo

Nilitaka miezi yote 6 iishe kwanza ndo niandike, nisije nikasifia kitu ambacho sijakijua vizuri. Mimi nilifanyiwa ile oparesheni wanaita sliivu, yaani mfuko wa chakula unakatwa na kama asilimia 75 hadi 80 inatolewa kabisa, kinachobaki ni kitu chembamba kama ndizi. Oparesheni yenyewe sina malalamiko, matundu madogo madogo tumboni, kesho yake natembea. Shida yangu ilianza nyumbani, mezani.

Hospitali nilipofanyiwa walinipa karatasi moja tu wakati wa kuruhusiwa. Imeandikwa unaanza na vimiminika vyepesi, alafu vimiminika vizito, alafu vyakula vya kusaga, alafu vya laini, na kuanzia kama wiki ya 6 mpaka ya 8 unarudi taratibu kwenye chakula kigumu. Basi. Hakuna mstari hata mmoja unaosema ufanye nini chakula kikikwama, na wala hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kwamba kula nitakuwa najifunza upya kama mtoto.

Wiki ya 5 nikafika kwenye vyakula laini nikajitengenezea yai la kuvuruga, yai moja. Nikala vijiko vitatu kwa ile spidi yangu ya siku zote, cha nne kilipopita tu nikahisi kifua kimebana hapa katikati chini ya mfupa, kama kuna ngumi imekaa ndani, alafu mdomo ukaanza kujaa mate mazito yenye povu, nikitema yanakuja mengine, kumeza haiwezekani. Nilikaa chini bafuni karibu dakika 40 nimeshika ndoo, dada yangu yuko nje ya mlango anagonga, "Mdogo wangu nifungulie basi, nifungulie nikuone tu." Mpaka kikatoka.

Kuanzia siku hiyo nikawa naogopa chakula. Yaani naangalia sahani moyo unaenda mbio. Nikawa nakunywa supu iliyochujwa na mtindi tu, na hata hivyo karibu kila siku natapika, maji yenyewe nikipiga funda kubwa yanauma yakishuka. Nguvu zikaisha, nikisimama naona giza. Watu wananipongeza nimepungua na mimi kiukweli nilikuwa nateseka.

Ndo nikaunganishwa na hii huduma. Ni mtaalamu wa lishe anayefuatilia watu waliofanyiwa oparesheni za kupunguza uzito, mnaongea kwa simu ya video kila baada ya wiki mbili, dakika 30, na katikati hapo unaweza kumtumia meseji. Jina silitaji, ninachotaka watu wajue ni aina ya huduma yenyewe maana mtu wa namna hii nilimhitaji tangu siku ya kwanza.

Kitu cha kwanza kabisa kuniuliza, kabla hata ya uzito, ilikuwa wiki hii umetapika mara ngapi. Nikamwambia karibu kila siku, tena nilimwambia kawaida tu kwa sababu nilidhani kila mtu anapitia hivyo. Akanyamaza kidogo akasema leo leo urudi kwa daktari, usingoje kesho. Akanieleza kwamba ukitapika mfululizo na kula hakuna, vitamini B1 inaweza kuisha mwilini ndani ya wiki chache tu na ikiisha inaharibu mishipa ya fahamu na ubongo, na pia inawezekana mfuko umejibana sehemu fulani na hilo linatakiwa lionekane kwa kamera. Nikaenda. Wakanipa B1, wakapitisha kamera kooni, kwangu hakukuwa na kubana, ingekuwepo huwa wanapanua kwa kijiputo maalumu. Kwa hiyo shida ilikuwa namna ninavyokula. Nashukuru sana kwamba kulikuwa na mtu wa kuniuliza lile swali.

Simu ya pili ndo ilinibadilisha. Akaniambia weka simu hapo mezani, leta chakula chako cha mchana, kula kama unavyokula siku zote mimi nitaangalia. Nikala. Akaniambia, "Umetafuna mara sita ukameza." Sikuwahi kuhesabu maishani mwangu. Tukaanza upya palepale: kijiko kidogo cha chai, tonge lisizidi ukucha wa kidole kidogo, tafuna mara 20, 25, mpaka kiwe kama uji mdomoni, meza, weka kijiko chini kabisa mkono uondoke, subiri kama dakika moja ndo uchukue kingine. Ikifika nusu saa umemaliza hujamaliza unaacha. Na maji usinywe na chakula, ukishakula ngoja dakika 30 ndo unywe kidogo kidogo, mpaka jioni ufikishe kama lita moja na nusu.

Na alinifundisha kitu ambacho sikukisoma popote, kwamba dalili ya kushiba imehama. Ile hali ya tumbo kujaa niliyoizoea haiji tena, au ikija umeshachelewa. Wengine kwikwi, wengine kupiga chafya, wengine kuvuta pumzi ndefu. Akasema wiki hii usijali kitu kingine, tafuta ya kwako. Yangu ni pua. Pua ya kulia inaanza kuchuruzika, na nikiongeza tonge moja tu baada ya hapo naumia, nimejaribu mara nyingi iko hivyohivyo. Sa hivi pua ikianza natoa sahani mbele yangu sijadili.

Upande wa vyakula, vilivyonitesa ni nyama ya kuku ya kifuani hasa ikipashwa moto mara ya pili inakuwa kavu kama kamba, mkate mlaini unaofanya donge, na wali. Vilivyopita vizuri ni samaki wa kuchemsha, maharage ya kupondwa, mtindi, na yai, lakini yai bichibichi kidogo lenye unyevu. Kanuni yake ni kitu kiwe na mchuzi, na protini ianze kuliwa kabla ya vingine maana nafasi ni ndogo, mimi natakiwa kupata gramu 60 hadi 80 kwa siku.

Vidonge navyo alinipangia kwa saa: vitamini mchanganyiko, B12, kalsiamu na vitamini D, madini ya chuma. Kalsiamu na chuma visikutane, achanisha masaa 2, mimi nilikuwa nameza vyote asubuhi kwa mpigo. Na hivi ni vya maisha.

Alikuwa anatukusanya pia mara moja kwa mwezi watu kama saba. Humo kulikuwa na dada aliyefanyiwa baipasi, aina nyingine ya oparesheni ya kupunguza uzito, yeye akila kitu chenye sukari nyingi ndani ya nusu saa anatoka jasho, moyo unadunda, anaharisha, inaitwa dampingi, sukari inashuka kwenye utumbo haraka kupita kiasi. Nilikuwa sijui kwamba mwenye sliivu naye inaweza kumpata.

Kingine ambacho sikutegemea kukipata kwenye huduma ya lishe ni msaada kwa mama yangu. Mama kila nikiacha chakula anaumia, "mwanangu ongeza kidogo tu, kijiko kimoja kwa ajili yangu", na mimi kwa kumheshimu naongeza, alafu naishia bafuni. Siku moja mtaalamu akaomba aongee naye. "Shikamoo mama," akamwelezea taratibu ukubwa wa mfuko uliobaki, kwamba hicho kijiko kimoja ndo kinachomtapisha. Mama akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa namuumiza?" Akamjibu hapana mama, hukuambiwa. Tangu hapo mama ndo ananikumbusha niweke kijiko chini.

Sasa mapungufu, maana yapo. Wikiendi hawajibu. Nilikwama Jumamosi na kipande cha nyama, jibu likaja Jumatatu. Wangesema mwanzoni kabisa kwamba wikiendi hakuna mtu, na wakatuandikia dalili za kukimbilia hospitali, kama kushindwa hata maji siku nzima, homa, maumivu makali, moyo kwenda mbio. Dakika 30 ni chache. Programu yao ya kurekodi chakula inahesabu kalori wakati mimi nahitaji protini na muda wa kula, nikaiacha nikatumia daftari. Na unga wa protini walionishauri mwanzo ulikuwa mtamu hadi kichefuchefu, nilipoteza wiki tatu najilazimisha kabla hawajakubali nibadilishe, sa hivi natumia usio na ladha nakoroga kwenye supu ikishapoa kidogo, ikiwa ya moto sana unafanya mabonge.

Nikiulizwa kama ningerudia, ndiyo, ila ningeanza kabla ya oparesheni, wiki kadhaa kabla, nizoee kutafuna na kijiko kidogo wakati tumbo bado ni zima. Sa hivi kutapika ni mara moja moja, mwezi huu mara moja tu. Vipimo vya damu vya miezi 6 vimerudi, chuma kiko chini kidogo, vingine vizuri. Nimeongeza miezi mitatu, simu moja kwa mwezi. Nyama ya ng'ombe bado haishuki, tumekubaliana tujaribu ya kusaga yenye mchuzi wiki ijayo, vijiko viwili, siku ya kazi ili awepo kwenye simu.