Treni ya Moshi hadi Dar es Salaam: huduma iliyofufuka

Nilikata tiketi ya daraja la pili kulala katika stesheni ya Moshi. Treni ilipoingia kutoka Arusha, mama mmoja aliyekuwa na mikungu mitatu ya ndizi alipokewa mzigo wake na wahudumu wawili, wakaupanga vizuri ndani ya behewa, naye akapanda bila kusukumana na mtu. Kitanda changu kilikuwa safi, na kabla giza halijatanda niliitazama Milima ya Upare ikipita upande wa kushoto.

Sisi tuliokulia Moshi tuliizoea reli hii ikiwa kimya, nyasi zimefunika mataruma, kwa kuwa treni ya abiria ilikuwa haijafika hapa kwa takriban miaka 25. Shirika la Reli lililoundwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, lilizidi kudhoofika huku mabasi na malori yakichukua abiria na mizigo. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya hisa za kampuni ya kuendesha treni, TRL, lakini ubia huo haukudumu. Kwa maoni yangu, kilichoumiza zaidi ni kwamba treni zilikuwa chini ya TRL na reli yenyewe chini ya RAHCO, kampuni ya serikali iliyomiliki njia: njia ikiharibika, mwendesha treni anakosa mapato, na akikosa mapato hana cha kumlipa mwenye njia ili aikarabati. Sheria ya mwaka 2017 iliviunganisha vyombo hivyo viwili kuwa TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, na hapo ndipo ninapouona mwanzo wa uzima.

Navutiwa hasa na mpangilio wa kazi iliyofuata. Njia ilikarabatiwa, treni ya mizigo ikarejea Moshi Julai 2019, ya abiria ikafuata Desemba mwaka huohuo, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Kutanguliza mizigo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa maana saruji na mbolea husafiri hata msimu ambao abiria ni wachache.

Mwenye haraka apande basi. Mwenye mizigo, watoto wadogo au mzazi mzee anayehitaji kujinyoosha njiani, namshauri achague treni, ila aulize ratiba stesheni mapema, kwa kuwa haiondoki kila siku. Ombi langu kwa shirika ni moja: safari ziongezwe.