TAHADHARI: Altaneta za kupulizwa rangi Mwanza, na mchezo wa kuchomoa terminali

Wakuu, wenye Celica, MR2, MX-5, Fairlady na gari nyingine za spoti za miaka ya 80 na 90 hapa Mwanza, kuna mchezo unaendelea na unatuumiza. Taa ya betri inawaka kwenye dashibodi, unapeleka gari gereji, unaambiwa altaneta, ile mashine inayozalisha umeme na kuchaji betri injini ikiwaka, imekufa. Unauziwa nyingine inayoitwa mpya. Ile ya kwako, iliyokuja na gari kutoka Japani, inabaki kwao. Zikipita wiki chache taa inawaka tena, na unachokuwa umefungiwa wakati huo hakifai hata kutengenezwa.

Yamemkuta rafiki yangu wa Nyegezi. Ana Celica ya 1995, ile yenye taa nne za mviringo mbele, gari anayoitunza kuliko watu wengi wanavyotunza gari mpya. Taa ya betri ilikuwa inawaka kwa mwanga hafifu, hasa usiku akiwasha taa kubwa. Fundi hakupima kitu. Alimwambia aache injini inaunguruma, akalegeza terminali ya hasi, yaani kichwa cha waya kinachobana kwenye betri, akaichomoa. Injini ikazima. "Umeona bosi? Altaneta haina kitu." Wakaenda duka la pili kutoka pale, akatoa shilingi 350,000, akaandikiwa kikaratasi cha mkono bila jina la duka wala namba ya mlipakodi.

Hapo kwenye kuchomoa terminali naomba tuelewane vizuri, maana hata mafundi wasio na nia mbaya wanafanya hivyo. Injini ikiwa inawaka, betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka kwa kitambo kidogo hadi mara kadhaa ya kiwango cha kawaida. Zinaua daiodi zinazogeuza umeme wa altaneta uende upande mmoja, zinaua rejuleta inayodhibiti volti, na zinaweza kuua kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kifaa ambacho kwa gari ya mwaka 1995 utakitafuta hadi uchoke. Na kipimo chenyewe hakithibitishi lolote. Altaneta yenye daiodi moja mbovu inaweza kuendelea kuishikilia injini ikiwaka, na gari yenye altaneta nzima inaweza kuzima kwa sababu ya waya uliolegea. Fundi akishika spana kwenda kwenye terminali huku injini inaunguruma, mzuie. Hata kama ni mtu mzima kwako, mwambie kwa heshima, "Samahani mzee wangu, tupime kwa mita."

Basi rafiki yangu akaondoka, taa imezima, roho imetulia. Akaja kuzimikiwa usiku maeneo ya Usagara, akitokea Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi. Taa za mbele zilififia taratibu mpaka hazionyeshi njia, kisha injini ikakata.

Kesho yake tulipima. Betri tuliichaji kwanza, halafu tukawasha injini na taa kubwa. Kwenye bolti ya nyuma ya altaneta mita ilisoma volti 15.4. Kwenye betri, 12.7. Yaani umeme unazalishwa, tena kupita kiasi, lakini haufiki. Tukafuata ule waya mnene hadi kwenye boksi la fyuzi kubwa karibu na betri. Tulipofungua kifuniko, plastiki ilikuwa imegeuka kahawia kwa joto, kichwa cha waya kina ukungu wa kijani, na nati inazunguka kwa vidole. Rejuleta ilikuwa inasoma kwamba betri iko chini, kwa hiyo inazidi kuisukuma altaneta ifanye kazi, na altaneta inazidi kuchemka. Tukapiga msasa, tukakaza. Betri ikapanda hadi 14.2.

Ugonjwa wa mwanzo ulikuwa nati hiyo. Siku za mwanzo taa ilizima kwa sababu waya uliguswaguswa wakati wa kufunga, ukashika kidogo.

Tuliishusha ile "mpya" kwa sababu beringi ilikuwa inalia. Hapa ndipo nilipokasirika kweli. Rangi ya fedha ilikuwa imepulizwa mpaka ndani ya matundu ya kupitishia hewa, na matone yake yako juu ya plastiki ya soketi. Kiwandani hawapulizi rangi juu ya soketi. Stika ya kampuni kubwa ya Kijapani ilibanduka kwa kucha. Vichwa vya bolti vina alama za spana. Ukichungulia ndani, waya za shaba zimekuwa nyeusi na zinanuka kuungua, kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka zimebaki vipande vidogo, na pete zinazosuguana nazo zina mifereji. Kilichokuwa kipya ni rangi tu.

Alirudi kuomba altaneta yake ya zamani. Akajibiwa imeshachukuliwa na watu wa vyuma chakavu.

Sijui yake iliishia wapi na sitamsingizia mtu. Ila tumieni akili: altaneta nyingi za magari haya zinazosemwa zimekufa zinahitaji kaboni, rejuleta au beringi, na fundi mwaminifu anakubadilishia kwa hela ndogo sana ukilinganisha na 350,000. Ile ya kwako ni mali. Kabla hujapeleka gari, piga picha kibandiko chake. Kwa Toyota, namba ya spea ya altaneta inaanza na 27060. Ukibadilishiwa, ondoka na ya zamani. Fundi anayeng'ang'ania kubaki nayo, muulize anaitakia nini.

Nunueni mita ndogo ya umeme. Haifikii gharama ya kujaza tangi. Gari ikilala usiku mzima, betri iliyojaa inasoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ukiwasha injini itegemee kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi, kanyaga mafuta kidogo. Ikishuka chini ya 13 kuna tatizo. Ikivuka 15 pale pale kwenye betri, zima, hiyo inachemsha betri. Kisha fanya kipimo ambacho hawa jamaa hawakifanyi kabisa: mguu mmoja wa mita kwenye bolti ya altaneta, mwingine kwenye chanya ya betri, injini inawaka na taa zimewashwa. Isizidi sana volti 0.2. Rudia kati ya bodi ya altaneta na hasi ya betri. Ikifika nusu volti, tafuta waya, nati au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) iliyooza, usinunue altaneta. Kwa sisi tunaolaza magari karibu na ziwa, huo ukungu wa kijani ni wa kuangaliwa mara kwa mara.

Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, anza na balbu yake na fyuzi, kwa sababu kwenye gari nyingi za zamani umeme wa kuamsha altaneta unapita kwenye taa hiyo hiyo. Toyota nyingi zina fyuzi ndogo iliyoandikwa ALT-S. Ikikatika, utahukumiwa altaneta nzima. Wenye Datsun 240Z, rejuleta yenu iko nje, kwenye kiboksi chake, kwa hiyo altaneta isiguswe kabla hicho hakijapimwa. Na wenye MX-5 za mwanzo, betri yenu iko buti. Msikubali kuwekewa betri isiyo na mrija wa kutolea gesi nje.

Mafundi waaminifu wapo Mwanza, na tunaowaamini tuwataje kwa wenzetu. Dukani, dai risiti ya mashine ya EFD, kwa sababu bila hiyo hata malalamiko yako Tume ya Ushindani, FCC, yatakosa pa kushika. Rafiki yangu ana kikaratasi tu, na muuzaji anasema hamjui.

Kama umebadilishiwa altaneta mjini hapa miezi ya karibuni, fungua boneti leo ukiwa na tochi. Chungulia kwenye matundu ya altaneta na uangalie soketi. Ukiona rangi, piga picha na uilete hapa, ukisema ni mtaa gani ulinunua.