Snea ya zamani niliyonunua mtandaoni: ile "kutu" wala si kutu

Wiki ya tatu sasa naipiga hii snea, ile dramu fupi yenye waya chini ya ngozi, wikendi hotelini na Jumapili kanisani, kwa hivyo naona naweza kuiongelea.

Tangazo lilikuwa na picha mbili za giza na maneno machache: snea ya stili, ya 1965, ina kutu kidogo, 14,000. Sasa wee mtu wa Mombasa ukisikia kutu kidogo unajua maana yake, hapa chumvi ya bahari inakula mpaka bawaba za milango, stili ya miaka yote hiyo ingekuwa imebaki matundu tu. Lakini nikiikuza ile picha naona vidoti vidoti vya kijivu na vyeupe, hakuna wekundu hata kidogo, na mie kutu nyeupe juu ya stili sijawahi kuiona. Nikabandua sumaku kwenye friji ya mama, nikatia mfukoni, nikapanda matatu ya Mtwapa.

Muuzaji ni mzee mmoja mpole sana, snea ilikuwa ya marehemu kaka yake aliyekuwa akipiga kwenye mabendi ya hoteli. Nikamwamkia, nikaomba niiguse. Sumaku kwenye rimu, ile pete ya chuma inayoshika ngozi, pap, imeshika. Kwenye mwili wa dramu inateleza inaanguka chini, nikajaribu juu, chini, pembeni, wapi! Bas hapo stili imeshatoka. Na ukiinyanyua ni nyepesi, haina uzito wa shaba.

Ngozi ya chini ni ile ya kuonyesha, kwa hivyo nikawasha tochi ya simu nikachungulia ndani. Hii ndiyo sehemu mtu asiiruke. Snea nyingi za stili za bei rahisi zina mshono ndani, mstari uliosimama pale bati lilipochomelewa, hii hakuna, duara zima laini kama sufuria, na katikati lile tuta moja linazunguka. Nikahesabu lagi, vile vishikio vya ubavuni vinavyofungwa skrubu za kukaza ngozi, kumi. Zingekuwa nane na mwili wa kijivu usiong'aa ningesema ni Acrolite, ndugu yake wa bei ya chini mwenye mwili uleule, lakini kumi na kromu juu, inchi 14 kwa 5, hiyo ni Supraphonic 400 ya Ludwig, kampuni ya dramu ya Marekani. Ile yenye kina cha inchi 6 na nusu, 402, ndiyo John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, alikuwa akiitandika.

Na zile doti? Mwanzoni kabisa, miaka ya 60 inaanza, hizi snea zilikuwa za shaba, halafu karibu 1963 kiwanda kikahamia aluminiamu, na kromu haikai vizuri juu ya aluminiamu, inavimba, inachimbika, inabanduka. Yaani kile kitu mzee alichokiomba radhi kwenye tangazo ndicho kilichonihakikishia ni yenyewe.

Mwaka ndio haukuwa sawa. Mzee alinionyesha namba ya beji, kile kibati cha jina kilichobandikwa ubavuni, akasema mtu alimwambia hiyo ni 1965. Ludwig walianza kutia namba mwisho wa 1963 kweli, ila beji zilikuwa zikichukuliwa bila mpangilio, namba peke yake haikupi mwaka. Tazama beji yenyewe: ya 65 ingekuwa ya aina ya zamani, ile inayoitwa Keystone, hii ni ya buluu na zeituni, ambayo ilianza 1969, na pembe zake zimechongoka, bado hazijakatwa mviringo kama za miaka ya 80. Imeandikwa Chicago, kiwanda kilipokuwa wakati huo. Kwa hivyo miaka ya 70.

Nikamwambia ukweli wote, "Mzee, hii si ya 65 na si stili, lakini ni snea nzuri kuliko ulivyoandika." Akacheka, akanipunguzia elfu mbili. Kumi na mbili, sijutii hata shilingi.

Sauti, jamani! Ukiikaza inapasuka kama njugu kwenye kikaango, ukiilegeza bado waya zinajibu hata ukigusa kwa ncha ya kijiti, zile nota ndogo ndogo za chini chini ambazo snea yangu ya kwanza ilikuwa ikizimeza. Nikipiga mdundo wa chakacha na kijiti nimekilaza kwenye rimu inakata safi, mpiga besi aligeuka kuniangalia.

Kasoro zipo. Waya za chini zilikuwa zimepinda, nikaagiza mpya Nairobi zikaja na basi. Ndani ya lagi kuna springi zinazolia zenyewe, nimezitia pamba. Kromu iliyobanduka inakata vidole, kuweni waangalifu. Na fundi mmoja wa Mwembe Tayari alitaka kuisugua msasa aipige rangi ya silva, nikamnyang'anya! Mie nimeifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni tu, basi, alama zake zibaki.

Jumapili nilirekodi dakika moja kanisani nikamtumia yule mzee. Alikaa kimya mpaka jioni, halafu akanijibu kwa ujumbe wa sauti, stendi ya kaka yake pia iko, Jumamosi nipite niichukue, bila pesa.