Skuta tatu mbele ya upepo: Primavera 125, PCX125 na Forza 350

Anayeulizia skuta ya kumkinga na baridi hujibiwa haraka: chukua kubwa. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Baridi humfikia dereva kwa njia nne, yaani magoti, mikono, kifua na shingo, na skuta inaweza kuziba njia moja vizuri sana huku ikiiacha nyingine wazi kabisa. Tumezilinganisha skuta tatu zinazouzwa Ulaya kwa watu wanaoendesha hata majira ya baridi: Vespa Primavera 125, Honda PCX125 na Honda Forza 350. Ya kwanza ni ndogo, ya pili ya kati, ya tatu kubwa. Kwa kinga hazipangiki hivyo.

Tuanze na upepo wenyewe. Nguvu yake huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 45 kwa saa hadi 90, unakusukuma mara nne. Kwa kanuni inayotumiwa na watabiri wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani, hewa ya nyuzi 10 ikipigwa na upepo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 5. Nyuzi 5 kwa kilomita 80 huhisiwa kama 3 chini ya sifuri. Kwa hiyo jambo hili si la Ulaya peke yake. Anayepanda Limuru au Njombe alfajiri ya Julai anakutana na hesabu ileile, na ndiyo maana waendesha bodaboda wa nyanda za juu huvaa jaketi kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni. Wamejua kwamba upepo hupenya kwenye zipu kwanza.

Primavera imerithi ngao ya miguu ya Vespa ya kwanza, iliyosajiliwa na kampuni ya Piaggio tarehe 23 Aprili 1946. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na alitaka mtu apande na nguo zake za kazi bila kurushiwa matope. Ngao hiyo ni bati la chuma, pana na bapa, na nyuma yake kuna sakafu ya kuwekea miguu. Dereva hukaa kama aliyeketi kwenye kiti cha jikoni: magoti yamekunjwa, miguu iko pamoja, yote ndani ya kivuli cha ngao. Chini ya kiuno, skuta hii ndogo humkinga mtu wa kimo cha wastani kuliko PCX. Juu ya kiuno haina kitu. Kifua, mikono na shingo vyote viko nje.

PCX125 ina uzito wa karibu kilo 130 na kiti chake kiko milimita 764 kutoka chini. Katikati ya sakafu pana nundu, kwa hiyo mguu mmoja hukaa kulia na mwingine kushoto, na unaweza kuinyoosha mbele. Kwa safari ndefu ni raha. Kwa baridi ni hasara, kwa sababu magoti hupanuka na kutoka nje ya ngao, ambayo imechongwa nyembamba ili skuta ikate hewa vizuri. Mwenye miguu mirefu atahisi ubaridi kwenye mfupa wa goti baada ya dakika 20 hivi. Kioo chake cha mbele ni kifupi. Hewa hukipita na kumgonga dereva kifuani.

Hapa kuna mtego wa kwenye karatasi. Honda wanaandika upana wa PCX kuwa milimita 740, na wa Forza 350 kuwa 754. Mnunuzi anaona tofauti ya milimita 14 na kudhani kinga ni karibu sawa. Kipimo hicho huchukuliwa sehemu iliyo pana kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni usukani, nacho hakisemi lolote kuhusu ngao. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani. Kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiendesha, kisha mtu apime mbele umbali kutoka ukingo wa nje wa goti moja hadi la pili, na upana wa ngao kwenye urefu huohuo. Ngao ikizidiwa na magoti, utapigwa na baridi, hata skuta iwe kubwa namna gani.

Forza 350 inashinda jaribio hilo. Ngao imejaa, imevimba pembeni, na magoti yanajificha. Ina karibu kilo 185 na injini ya sentimita za ujazo 330, hivyo Ulaya inahitaji leseni ya pikipiki ya daraja la A2 wakati zile mbili zinatosheka na A1, daraja la injini ndogo. Sifa yake kubwa ni kioo cha mbele kinachopanda na kushuka milimita 180 kwa mota, kwa swichi iliyo upande wa kushoto wa usukani, skuta ikiwa inatembea. Mshindani wake, Yamaha XMAX 300 ya kawaida, ana nafasi mbili tu zinazopishana milimita 50, na kubadilisha ni lazima utoe spana.

Kwa nini urefu wa kioo uhesabiwe hivyo? Kwa sababu kioo hakiondoi upepo, kinauhamisha. Ukingo wake wa juu ukielekea kidevuni, hewa iliyovurugika hutua kwenye helmeti, kichwa kinatikisika na kelele inazidi kuliko kama kusingekuwa na kioo. Ukingo ukifika usawa wa pua, hewa huruka juu ya kichwa na bado unaona barabara kwa juu. Ukipita macho, unaangalia kupitia plastiki, na usiku wa mvua kila mkwaruzo unatawanya taa za magari. Njia ya kupima: kwenye barabara tupu na nyoofu, mwendo wa kilomita 50, inua kiganja cha kushoto polepole mbele ya uso hadi uhisi upepo umekigonga. Hapo ndipo mkondo unapopita. Mkondo ukiwa chini ya macho, kioo ni kifupi kwako.

Kioo kirefu nacho kina adhabu yake. Nyuma yake hewa inakuwa nyepesi, na ile ya nje huvutwa kuingia kutoka nyuma, hivyo mgongo na kiuno vinapoa huku kifua kimetulia. Kwenye Forza, shusha kioo sentimita tatu au nne uruhusu hewa kidogo ipite, na mvuto huo hupungua. Kioo cha helmeti pia huingia ukungu zaidi mahali palipotulia. Weka utando wa ndani wa kuzuia ukungu.

Kwa Primavera na PCX unaweza kununua kioo kirefu cha kuongeza. Cha Primavera hushikwa kwenye usukani, si kwenye mwili. Kwa hiyo upepo wa pembeni ukikisukuma, unausukuma usukani wenyewe, na ukikaribia kilomita 80 unaweza kuuhisi ukichezacheza. Injini ya 125 nayo hupoteza kasi kidogo. Bolti zake zina washa za mpira: kaza hadi mpira uanze kubonyea, kisha acha. Wengi hukaza kama wanafunga gurudumu, na baada ya miezi michache ufa unaanzia kwenye tundu. Osha kwa maji na sabuni laini tu. Petroli na dawa za vioo zenye amonia huipasua plastiki ngumu ya polikaboneti kwa nyufa ndogondogo.

Mikono ndiyo sehemu ambayo hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoikinga vya kutosha. Hata Forza huacha vidole kwenye ukingo wa mkondo. Dawa ya bei nafuu ni mifuko ya mikono inayofungwa kwenye usukani, na skuta zinaifaa kuliko pikipiki kwa kuwa hazina mkono wa klachi wala gia za kubadilisha: vidole vina kazi ya breki na swichi tu. Hakikisha mfuko haulali juu ya mkono wa breki, la sivyo upepo utaubonyeza na taa ya breki itawaka njia nzima. Ukitaka vishikio vya umeme, viunganishwe kupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayokatika ufunguo ukizimwa, maana betri ya skuta ndogo haivumilii kusahauliwa.

Blanketi la miguu la kampuni ya Italia ya Tucano Urbano, liitwalo Termoscud, hukaa vizuri zaidi kwenye Primavera. Lina mbavu za kujazwa hewa ili lisipepee, na sakafu ile huacha mguu utoke kwa urahisi unaposimama. Kwenye PCX nundu ya katikati inafanya mguu uzunguke kwanza, jambo la kuzoewa kabla ya kuingia kwenye foleni.

Kwa safari za mjini zisizozidi nusu saa, tungechukua Primavera na kuiongezea blanketi na mifuko ya mikono, tukiacha kioo kirefu dukani. Kwa barabara kuu kila siku, Forza, bila kusita. PCX ni skuta nzuri, tena nyepesi na ina nafasi ya lita 30 chini ya kiti, lakini mwenye miguu mirefu asiinunue kwa ajili ya baridi kabla hajapima magoti yake.